Kitanda cha Miezi Kumi na Minane

Faili la Rashad lilimfikia Ruwaida Jumanne, baada ya chai ya saa nne, likiwa la tatu kutoka juu. Mawili ya kwanza alikuwa ameshayamaliza: la mwalimu wa Gede aliyetaka jokofu, na la Damaris, mkulima wa Ganda aliyetaka pampu ya pili ya maji. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza. Mtu akitaka kitu kwa mpango wa kulipa polepole, Ruwaida alimpigia simu yule aliyeandikwa kuwa mtu wake wa karibu, akamuuliza kama anamjua mwombaji na kama yuko radhi kutafutwa siku malipo yakichelewa. Na yakichelewa, aliyepiga simu ya kudai alikuwa ni yeye huyo huyo.

Duka lenyewe lilikuwa mjini Malindi, limejaa makochi yaliyovikwa nailoni na televisheni zinazoonyesha samaki wa rangi kutwa nzima. Juu ya mlango paliandikwa: Chukua leo, lipa polepole.

Alilifungua faili bila kuangalia jina, maana jicho lake lilizoea kwenda kwenye namba ya simu kwanza. Akaanza kubofya. Alipofika tarakimu ya saba, kidole kikasita. Namba ile ilikuwa yake mwenyewe.

Akarudi juu ya karatasi. Mwombaji: Rashad Salim, fundi wa umeme, Watamu. Vitu: kitanda cha futi sita kwa sita na godoro lake, kabati la milango minne, meza ya kioo, jokofu, televisheni ya inchi hamsini na tano. Mtu wa karibu: Ruwaida Harith. Uhusiano: mke.

Harusi yao ilikuwa bado siku kumi na saba.

"Umeiona hiyo ya Watamu?" Kyalo, meneja wa duka, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi. "Ajenti wetu wa kule amefanya kazi. Maharusi ndio wateja ninaowapenda mimi. Hawabishani bei."

"Meneja, huyu ni mchumba wangu."

Kyalo alicheka mpaka chai ikamwagika kidogo. "Basi hongera! Hata simu hupigi. Jiulize mwenyewe, kisha ujijibu."

Alipoondoka, Ruwaida alichukua kikokotoo. Kwa pesa taslimu vitu vile vilikuwa shilingi laki moja na sitini na nane elfu. Kwa polepole, Rashad angetoa arubuni ya elfu ishirini na tano, kisha elfu kumi na mbili na mia nne kila mwezi, miezi kumi na minane. Jumla, laki mbili arubaini na nane elfu na mia mbili. Akaifanya hesabu mara ya pili, si kwa sababu hakuiamini, bali kwa sababu kwa miaka mitatu alikuwa akiwafanyia watu hesabu hii bila kuisikia mwilini.

Na miezi kumi na minane ikianza Disemba ina masika mawili ndani yake. Masika hoteli za Watamu hufungwa, mabwawa ya kuogelea hugeuka kijani, na fundi wa umeme hukaa nyumbani akirekebisha feni za majirani.

Alimkumbuka Easter, mke wa dereva mmoja wa Kilifi. Easter alikuwa ameolewa wiki tatu Ruwaida alipompigia kumwambia mumewe amechelewa. Easter akasema taratibu, "Dada, mume wangu hakuniambia kwamba kitanda hiki ni chenu." Baada ya hapo simu haikukatwa. Ruwaida alisikia mlango ukifunguliwa, swali likiulizwa, na sauti ya mwanamume ikipanda. Miezi minne baadaye kitanda kikachukuliwa. Godoro waliachiwa, kwa kuwa duka haliuzi godoro lililolaliwa.

Mwisho wa fomu palikuwa na nafasi ya jibu la mtu wa karibu. Wengi huandikiwa: amekubali. Ruwaida alishika kalamu akaandika kwa herufi kubwa: SIKUBALI. Akalifunga faili, akaliweka juu ya meza ya Kyalo, akaenda kumpigia mtu wa nne.

*

Jioni Rashad alikuja Maweni, nyumbani kwa kina Ruwaida, kama alivyozoea kila akitoka kazini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyochubuka kwa nyaya. Alikaa kwenye baraza. Mamake Ruwaida, Bi Tima, alikuwa ndani karibu na dirisha akitarizi kofia, na taa ya cherehani yake ikiwaka.

"Umeandika mke," Ruwaida alisema.

Rashad aliangalia viatu vyake. "Ajenti aliniambia karatasi zangu hazitapita Malindi."

"Sikukuuliza zinapita wapi."

"Nilitaka uingie ukute chumba kimekamilika. Ni makosa hayo?"

"Ningekuta mimi ndiye nimekamatwa. Wewe ukichelewa siku tatu, simu inakuja kwangu. Nami najua zinavyopigwa, Rashad. Siku ya kwanza tunasema tafadhali. Siku ya saba hatusemi tena tafadhali. Siku ya kumi na nne tunampigia mwajiri wako."

"Kwani nitachelewa?"

"Mwezi wa tano mwaka huu ulipata shilingi ngapi?"

Alipata elfu kumi na nne, na Ruwaida alilijua hilo kwa sababu ndiye aliyemkopesha nauli.

"Shangazi amenilea tangu sijui kufunga kifungo," Rashad alisema. "Ameshawaambia watu chumba kitakuwa vipi. Nitamwambia nini?"

"Mwambie kweli."

"Mwanamke gani anakataa kupambiwa chumba?"

"Mimi."

Rashad alipandisha sauti, jambo lisilo kawaida yake. "Na mamako je? Cherehani hiyo si aliichukua dukani kwenu, polepole vile vile? Yeye alikuwa na haki, mimi sina?"

Sindano ndani ikasimama. Bi Tima alitia neno dirishani, hakuinuka.

"Niliichukua, mwanangu. Harith alipofariki nilikuwa na watoto wawili na sindano ya mkono. Bila ya mpango ule nisingeipata mashine hii hata leo, na walionipa nawaombea kheri. Lakini cherehani hii ndiyo iliyojilipa. Mchana nashona sare za skuli, jioni natenga pesa ya duka. Miezi kumi, nikamaliza. Hicho kitanda chako kitashona nini?"

Rashad akainuka, akasema atazungumza na shangazi yake, akaaga kwa adabu. Hakunywa chai aliyotiliwa.

Ijumaa faili likarudi mezani kwa Ruwaida. Neno lake lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Chini yake Kyalo alikuwa ameandika jina jipya la mtu wa karibu: Raiya Salim, shangazi. Amekubali.

"Hujanielewa, dada," Kyalo alisema alipomwona amesimama mlangoni. "Mteja ni yeye, si wewe. Ana haki ya kununua. Na kamisheni nitakuandikia wewe, zawadi ya harusi."

"Usiniandikie."

"Ni elfu tatu na mia sita."

"Hata ingekuwa laki."

*

Nyumba ya Bi Raiya ilikuwa Shela, mtaa wa hapo hapo Malindi, ya mawe, yenye ukuta mnene na ngazi nyembamba inayopanda kwenye chumba ambacho maharusi wangekaa. Zamani familia ile ilikuwa na shamba la minazi lililofika hadi ufuoni. Sasa nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta wa hoteli, na kilichobaki cha shamba lile ni minazi minne na jina. Bi Raiya alilibeba jina hilo mgongoni kama mtu abebaye mtoto aliyelala, hataki liamke wala lianguke.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Bi harusi gani huyu anayezurura wiki ya harusi yake?"

Ruwaida alivua viatu, akakaa kwenye mkeka. Hakuzunguka. Alisema amekuja kuomba vile vitu visiletwe. Alitaja hesabu, ya kwanza na ya pili, na tofauti ya elfu themanini na mia mbili iliyo katikati.

Bi Raiya alimsikiliza hadi mwisho, mikono imetulia mapajani. "Kwetu," alisema, "bi harusi haingii chumba kitupu. Mimi nilipoingia katika nyumba ya mume wangu nilikuta kitanda cha besera, chenye nguzo za kutundikia chandarua, na maua ya asumini yamening'inizwa pande zote nne."

"Kitanda kile nacho kilikuwa cha polepole, Shangazi?"

"Astaghfirullah! Babake mume wangu alikilipa siku ile ile, pesa mkononi."

"Ndiyo ninayoyataka mimi. Chochote kitakachokuwepo, kiwe kimelipwa."

"Unaogopa riba? Rashad ameniambia si riba. Ni bei ya kulipa polepole, imetajwa mbele, mtu amekubali."

"Nimemuuliza maalim, naye amesema kuna wanaoikubali bei ya namna hiyo. Lakini akichelewa anatozwa faini kila wiki. Hiyo nayo tuiite nini?"

Bi Raiya akavuta leso yake vizuri begani. "Mwanangu, nisikilize. Wewe umelelewa na fundi wa nguo, sikulaumu. Hujui macho ya watu wa mji huu. Wakipanda ngazi hiyo wakakuta mkeka, watasema Raiya ameishiwa."

"Na lori likija kuvichukua masika, watasema nini?"

"Halitakuja."

"Mimi nafanya kazi huko."

"Basi ndiyo maana unadhani kila mtu ni mdaiwa!" Bi Raiya aliinuka, ishara kwamba mazungumzo yamekwisha. "Hujaolewa bado unatoa amri katika nyumba yangu. Nenda kakae ndani kama bi harusi."

Ruwaida alivaa viatu vyake polepole. "Samahani kama nimekosa adabu, Shangazi. Lakini sitalala juu ya kitanda cha Kyalo."

Alirudi Maweni kwa miguu. Hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Nyumbani kwao hata paka alifukuzwa kwa upole. Lakini kadiri alivyotembea ndivyo alivyozidi kuona kwamba kuogopa kwake hakukubadilisha tarakimu hata moja.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya nikaha, Ruwaida alikuwa amekaa chini nyumbani kwao, mikono na miguu imenyooshwa mbele, anapakwa hina. Rashad alikuwa amemwambia kwa simu siku tatu nyuma, "Usijali, nitalitengeneza." Alilichukua neno hilo kama ahadi. Msichana wa hina alikuwa amemaliza mguu wa kushoto na mikono yote miwili, anaanza mguu wa kulia, simu ilipolia. Bi Tima akaishika, akamwekea sikioni.

"Dada Ruwaida, mimi Dena." Alikuwa dereva wa lori la duka, Mgiriama mmoja wa makamo aliyependa kuuliza njia hata mahali anapopajua. "Niko Shela hapa. Nimeandikiwa nyumba ya Bi Raiya. Ni hii yenye mlango wa nakshi, au ile ya rangi ya samawati?"

"Umepakia nini, Dena?"

"Kila kitu. Hongera sana! Wamama wako hapa tele, wanasubiri kutazama."

"Usishushe kitu. Nakuja."

"Wewe? Si bi harusi?"

Lakini Ruwaida alikuwa ameshasimama. Hina mbichi ya mguu ikapakaa mkekani. Msichana akapiga ukelele, mashangazi wa Maweni wakauliza kulikoni, na mtu akasema bi harusi hatoki, ni mkosi. Ruwaida aliangalia mikono yake isiyoweza kushika chochote, kisha akamwangalia mamake.

Bi Tima hakuuliza swali. Alimvika buibui begani, akamtupia mtandio kichwani, akasema, "Ngoja nivae viatu."

Walipanda tuktuk. Njia nzima Ruwaida alikaa ameinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Dereva wa tuktuk aliwatazama kwenye kioo mara mbili, akaona afadhali asiulize.

Shela, lori lilikuwa limeziba kichochoro. Makuli wawili walikuwa wameshafungua kamba, na kabati la milango minne limevutwa hadi ukingoni. Mbele ya mlango wanawake kama ishirini, marashi yananukia, na mmoja alikuwa tayari amepiga kigelegele cha kwanza. Ruwaida alipita katikati yao, mikono juu, akapanda kizingiti, akageuka, akasimama mlangoni, mkono wa kulia ukiegemea mwimo na hina yake mbichi. Kigelegele cha pili kilikatika njiani.

"Dena, vifunge."

"Dada, mimi nimeandikiwa nishushe."

"Na pale chini ya karatasi pameandikwa nini? Nimeichapa mimi mwenyewe. Kabla ya vitu kuingia na kutiwa sahihi, mnunuzi anaweza kukataa. Vikishapita mlango huu, vimenunuliwa. Basi mlango ndio huu, nami niko hapa."

"Bi harusi yuko nje!" mtu alisema. "Na hina mbichi!"

Bi Raiya alitokea ndani, amevaa nguo yake nzuri ya hariri. Uso ulimbadilika. "Ruwaida. Shuka hapo. Unanivua nguo mbele ya watu."

"Sikuvui, Shangazi. Nataka usivuliwe." Sauti ya Ruwaida ilikuwa inapasuka, lakini aliitoa tu, na kila mtu kichochoroni akaisikia. "Mmekuja kutazama chumba, mama zangu, nami siwalaumu. Vitazameni hapa hapa, ndani ya lori, ni vizuri kweli. Bei yake ni laki moja na sitini na nane. Sisi tungevilipa laki mbili na arubaini na nane. Miezi kumi na minane, na masika mawili. Nani kati yenu hajui fundi wa Watamu anakula nini masika? Mimi ndiye ninayewapigia watu simu. Kuna nyumba mtaa huu huu nimezipigia, na sitazitaja. Nyumba hii sitaki kuipigia."

Mwanamke mmoja pembeni aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Hapo ndipo Rashad alipofika mbio, kanzu imekunjwa kiunoni, kwani alikuwa akitandika mikeka msikitini. Alitazama lori, shangazi yake, mchumba wake aliyesimama kama mlinzi.

"Ruwaida, unanivunjia heshima."

"Uliniambia utalitengeneza."

"Nilitaka harusi ipite kwanza. Tutalipa, tutapambana. Watu wangapi wanalipa?"

"Wengi. Kuna mama wa Ganda hulipa kabla ya tarehe, kwa sababu pampu yake inamwagilia mboga. Wewe utalipa na nini? Kioo?" Akavuta pumzi. "Rashad, mimi nakutaka wewe. Ungenioa chini ya mwavuli ningekuja. Lakini vitu hivi vikishuka, mwambie kadhi kesho asisumbuke."

Wanawake waliguna kwa pamoja. Bi Raiya alishika nguzo ya mlango. Wote wakamgeukia Bi Tima, wakitegemea mama atamvuta bintiye mkono na kumrudisha kwenye akili. Bi Tima alikaa kwenye kibaraza cha jirani, akaweka mkoba mapajani, kama mtu aliyefika mapema hospitali.

Rashad alikuwa na hasira. Ilionekana shingoni. Alisogea hadi kwa Dena, na kila mtu akadhani atamwamuru ashushe.

"Wewe ndiye unayepeleka vitu," alimwambia. "Niambie kweli. Huwa mnavirudia?"

Dena alikuna kichwa. Hakupenda kuulizwa mambo ya ofisi mbele ya watu. "Kaka, inategemea. Novemba hivi natoka lori limejaa, narudi tupu." Akasita. "Mwezi wa sita natoka tupu, narudi limejaa."

Rashad alibaki akimtazama. Kisha akatazama kabati lile, milango yake minne imebandikwa karatasi ya kuzuia mikwaruzo, likiwa nusu ndani nusu nje ya lori.

"Lete hiyo karatasi," alisema.

Kalamu ya Dena ilikataa kuandika. Rashad akaipuliza, akaisugua kwenye tairi, akaandika kwenye boneti ya lori kwamba amekataa kupokea, akatia sahihi. Mkono wake ulikuwa mzito. Hakumtazama Ruwaida hata kidogo. Makuli wakalisukuma kabati ndani, wakafunga kamba, na lori likaanza kurudi nyuma kichochoroni huku Dena akipiga honi na kuomba njia.

Bi Raiya aliingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Wanawake hawakujua kama waendelee na vigelegele au waombe ruhusa waende zao. Hatimaye bibi mmoja mzee akauliza kwa sauti, "Na pilau ya kesho je, ipo au nayo imerudi na lori?" Mtu akacheka, kisha wawili, na watu wakapata pa kushika.

*

Nikaha ilifungwa Ijumaa baada ya Asri. Mkono wa kulia wa Ruwaida ulikuwa umepakaa, maua ya hina yamegeuka doa moja kubwa jekundu kutoka kiganjani hadi kwenye kifundo, na hivyo ndivyo alivyo kwenye picha zote. Rashad alimwoa akiwa bado amenuna. Chumbani palikuwa na godoro jipya sakafuni, alilolinunua Ruwaida kwa akiba yake, mkeka, mito miwili, na kamba ya kutundikia nguo. Waliishi siku mbili wakisemezana kwa nadra. Siku ya tatu Rashad alilala chali akaangalia dari, akasema, "Nafikiri usiku huu ningekuwa nahesabu deni." Ruwaida akamwambia alale.

Arubuni ilirudi baada ya wiki sita, pungufu elfu sita za faili na usafiri, na hata hizo zilizobaki Ruwaida alizifuata mwenyewe ofisi kwa ofisi.

Kazini hakukuwa kwepesi. Aliporudi kutoka likizo alianza jambo jipya. Kabla ya mteja kutia sahihi, alimsomea jumla kwa sauti, bei ya leo na bei ya polepole, kisha akamuuliza: kitu hiki kitakuletea pesa, au kitakaa tu? Wengine waliondoka. Wengine walisaini vile vile. Damaris wa Ganda, alipokuja kuchukua pampu yake ya pili, alisikiliza hesabu hadi mwisho akacheka. "Mwanangu, hizo elfu kumi na moja za juu nazijua. Nyanya zinazilipa kwa wiki tatu. Nipe kalamu." Ruwaida akampa kwa furaha.

"Wewe unauza au unazuia?" Kyalo alimuuliza.

"Nasoma kilichoandikwa, meneja. Kama kukisoma kunaharibu biashara, basi tubadilishe maandishi."

Alipewa barua ya onyo. Machi akahamishiwa ghalani, kuhesabu majokofu, bila kamisheni, na msichana mwingine akakaa kwenye simu. Ruwaida hakuacha kazi na hakuomba radhi. Wateja waliokuwa wakija kuchukua vitu ghalani walimkuta kule nako, na waliouliza, aliwajibu.

Masika yakaja. Hoteli zikafunga, na mwezi wa tano Rashad akapata elfu kumi na sita. Walikula mchicha, samaki wadogo na wali wa juzi. Simu zao zilikaa mezani, zikilia kwa salamu tu. Mwezi wa saba, hoteli zilipoanza matengenezo, Rashad akasema anahitaji drili kubwa ya kutoboa saruji, kwa sababu kila kazi alikodi ya mtu. Walikaa jioni mbili na daftari. Jioni ya tatu Ruwaida mwenyewe akamwambia aende akaichukue polepole, miezi minne, si zaidi. Rashad alimkodolea macho, naye akasema, "Ichukue. Hiyo inatoboa." Akaimaliza kwa miezi mitatu.

Kitanda walikitengenezesha kwa Lewa, seremala wa njia ya Ganda. Ni cha mwembe, hakina nakshi, na kililipwa siku kilipopakiwa kwenye mkokoteni.

Bi Raiya alikuwa hajapanda ngazi ile tangu siku ya lori. Chakula aliwapelekea, salamu alijibu, lakini chumbani hakufika. Alisikia mkokoteni ukishushwa, akasikia nyundo. Asubuhi ya pili akapanda, pumzi juu juu, akasimama mlangoni akakitazama kitanda muda mrefu. Kisha akaja akakaa pembeni mwake, akajitikisa kidogo.

"Kinalia," alisema.

"Kilie tu, Shangazi. Ni chetu."

Bi Raiya aliguna. Akajitikisa tena, ubao ukalia tena. "Mwambie huyo Lewa aje atie kabari mguu huu wa nyuma," alisema, "na uniletee chai, ngazi zenu zimenichosha."